Majengo ya Kale Hupotea Kabla ya Moto Kufika

Kila mji wa soko katika nchi yetu una kumbukumbu ya usiku wa moto. Watu huamshwa na mayowe, wakatoka na ndoo za maji na makarai ya mchanga. Gari la zimamoto huwasili paa likiwa limekwisha kuporomoka. Na kunapopambazuka wenye maduka husimama mbele ya mabati yaliyojikunja, wakihesabu hasara. Viongozi huja wakatoa pole. Magunia ya mahindi huhesabiwa, magodoro huhesabiwa, hata vitambaa vya fundi cherehani huhesabiwa. Kisichohesabiwa ni jengo lenyewe. Hakuna anayeuliza lilijengwa mwaka gani, nani aliyelijenga, wala familia zipi zilipata kuishi katika vyumba vyake vya nyuma. Baada ya mwaka mmoja wakazi wenyewe hubishana juu ya kilichokuwapo mahali pale.

Ninayotaka kusema leo ni kwamba majengo ya kale ya miji yetu midogo hayapotei usiku huo wa moto. Yalikwisha kupotea tangu siku ile jamii ilipoacha kuyajua. Moto huja kukamilisha kazi ambayo usahaulifu wetu uliianza zamani. Nitachukua mfano wa Moi's Bridge, mji ulio kando ya mto Nzoia kati ya Eldoret na Kitale. Siuchukui kwa kuwa umepatwa na msiba mkubwa kuliko mingine, bali kwa kuwa ni mmoja wa miji iliyozaliwa na reli, ambayo ni mingi, na ambayo watu hawaihesabu kuwa ina historia.

Jina la kwanza la mji huo lilikuwa Hoey's Bridge, kutokana na Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja juu ya Nzoia mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na mwaka 1912 kijiji kilichochipuka hapo kikapewa jina la Eldoret, ingawa wenyeji waliendelea kukiita Sisibo, yaani ile nambari ya Kiingereza kwa matamshi yao. Reli iliingia Eldoret mwaka 1924, na mwaka 1926 tawi lake likafika Kitale kwa kupitia darajani kwa Hoey. Penye stesheni pakawa na ghala, na penye ghala pakawa na maduka. Baada ya uhuru mji ukachukua jina la Daniel arap Moi.

Maduka ya miji ya namna hiyo msomaji anayafahamu. Ni safu ndefu yenye paa moja la mabati, baraza mbele ambapo fundi huweka cherehani yake, mlango wa mbao mzito, na nyuma yake ua wenye vyumba vya familia na stoo. Yalijengwa kwa haraka na kwa fedha chache, kwa vifaa ambavyo behewa la reli liliweza kuleta na msitu wa karibu uliweza kutoa. Ndani yake mkulima aliuza mahindi yake, akanunua chumvi, mafuta ya taa na jembe. Wengi wetu babu zetu walifungua madaftari yao ya kwanza ya madeni katika maduka kama hayo.

Sasa tuutazame moto wenyewe, maana hauji kwa miujiza. Katika safu kama hiyo, kuta za kugawanya duka na duka aghalabu huishia kwenye dari; juu ya dari ni uwazi mmoja unaopita kutoka mwisho huu wa jengo hadi mwisho ule. Mbao za viunzi zimekaushwa na jua la miaka mingi. Nyaya za umeme zilizotiwa kwa ajili ya taa mbili zimeunganishwa baadaye na jokofu, mashine ya kuchomelea vyuma, kinyozi na duka la simu. Vyumba vya nyuma vina jiko la makaa au mtungi wa gesi, na stoo ina magodoro, rangi na mafuta. Cheche ikipata njia ya kupanda darini, hukimbia juu ya vichwa vya watu bila kuonekana, na inapoonekana huwa imeshika maduka matano. Kwa hiyo duka moja linaweza kuiangamiza safu nzima kwa muda wa saa moja.

Hapo huingia suala la zimamoto. Mji mdogo hutegemea gari la mji mkubwa. Kutoka Eldoret hadi Moi's Bridge ni zaidi ya kilomita 40. Kitale iko karibu zaidi, lakini Kitale imo katika kaunti ya Trans Nzoia, ilhali Moi's Bridge imo Uasin Gishu. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kila kaunti kazi ya kuzima moto na kukabili maafa. Moto hauujui mpaka wa kaunti, lakini bajeti, mafuta ya gari na amri za wakubwa huujua sana. Kaunti mbili zinazopakana kwenye mto mmoja zinapaswa kuwa na mkataba ulioandikwa wa kusaidiana, ili dereva aliye karibu asingoje ruhusa huku paa linaanguka.

Jedwali hilohilo lina pengo jingine. Linaipa serikali ya kitaifa jukumu la majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaeleza namna jengo linavyoweza kutangazwa rasmi katika gazeti la serikali ili lilindwe. Hayo ni mema. Ndiyo maana tunao Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyofuata mwaka 2011. Lakini duka la mabati la Moi's Bridge halina umuhimu wa kitaifa, na halitapata kuwa nao. Umuhimu wake ni wa watu wa Moi's Bridge. Kwa serikali ya kitaifa ni dogo mno. Kwa kaunti ni kiwanja cha kodi. Kwa mwenyewe ni gharama. Kila mmoja humtazama mwenzake, na katikati yao kuna jengo lisilo na mlezi.

Majirani zetu wa Uganda wametupa mafunzo mawili. Mnamo Machi 16, 2010 moto uliteketeza jumba kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, lililojengwa mwaka 1882. Msiba ulikuwa mkubwa. Makaburi yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hata hivyo, ujuzi wa kuezeka jumba lile ulikuwa haumo katika jumba. Ulikuwa katika ukoo wa Ngeye, ambao kwa mila ndio waezekaji. Jumba likajengwa tena, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya hatari. Tena, mnamo Septemba 20, 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, la mwaka 1941, liliungua usiku. Kila mhitimu wa chuo hicho aliijua sura yake. Likajengwa upya kwa umbo lake la zamani na kufunguliwa Oktoba 2024. Majengo hayo mawili yalirudi kwa sababu yalikuwa yamekwisha kuhifadhiwa penginepo: la kwanza katika mikono ya mafundi, la pili katika macho na kumbukumbu za maelfu ya watu. Duka la mji mdogo likiungua, litarudishwa kutoka wapi?

Wapo watakaonikabili kwa hoja nzito. Watasema: majengo hayo ni alama za walionyang'anya watu ardhi yao, yaache yaungue. Uchungu huo una haki yake. Uasin Gishu ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, na Mwafrika aliingia humo kama kibarua. Lakini tuulize: nani alifyatua matofali na kupasua mbao za maduka hayo? Nani aliyabeba magunia hadi stesheni? Mhindi mwenye duka naye alikatazwa kumiliki shamba katika nyanda hizo, ndipo akakaa mjini nyuma ya kaunta yake. Jengo likitoweka, si sifa ya mlowezi inayopotea. Yeye ana vitabu na picha zake. Unaopotea ni ushahidi wa wale ambao hawakuandika. Tena serikali ya kikoloni yenyewe ilijua kufuta kwa moto: mwaka 1902, tauni ilipozuka katika soko la Wahindi mjini Nairobi, daktari wa serikali aliamuru soko lichomwe. Waliokuwa wakiishi humo wameacha alama chache mno katika historia tunayofundisha.

Wengine watasema kwamba mfanyabiashara anahitaji ghorofa lenye kodi nono, si kumbukumbu. Ni kweli, wala si kila duka litahifadhiwa. Lakini kinachoikinga kumbukumbu ndicho kinachoikinga bidhaa na roho ya mtu: ukuta wa matofali unaopanda hadi paani kati ya duka na duka, nyaya zilizokaguliwa, mchanga na vizima moto mlangoni, njia ya nyuma isiyofungwa kwa kufuli. London ilipoungua mwaka 1666, na nyumba zipatazo 13,200 zikateketea, sheria ya mwaka uliofuata ilidai kuta za matofali au mawe. Sisi tulipata onyo letu Januari 28, 2009, duka la Nakumatt Downtown lilipoungua katikati ya Nairobi na zaidi ya watu 20 wakafa. Uzembe ule unaoua jengo huua na watu.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake na afanye miradi ya kuisaidia jamii. Basi mradi upo. Darasa moja la Moi's Bridge lichukue safu moja ya maduka. Wapime upana na urefu kwa futi ya fundi. Wachore mchoro wa sakafu. Wapige picha mbele, nyuma na darini. Waandike vifaa vilivyotumika na tarehe yoyote iliyochongwa ukutani. Kisha wakae na wazee, wa kila kabila na kila dini, wawaulize nani aliuza nini hapo, na nani alihamia lini. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe katika makumbusho ya Kitale, na ya tatu katika idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Moi au cha Eldoret. Zisikae mahali pamoja, maana nazo ni karatasi, na karatasi huungua.

Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya waziri wala fedha za mfadhili. Inahitaji kalamu, futi, na mwalimu asiyeona haya kuingia dukani kuuliza. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, na upepo wa ujenzi utazidi kuvuma katika miji yote inayoizunguka. Yatakayosazwa na moto huenda yakabomolewa na tingatinga. Wazee wanaokumbuka nao wanazidi kupungua kila mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini ukuta ambao hatukupata kuupima wala kuuchora, hata tukitaka kuujenga upya hatutajua ulisimama wapi.