Asetaldehaidi haianzii kwenye ini tu

Mwandishi wa makala ya pombe kaeleza vizuri jinsi ini linavyovunja pombe, ila kausahau mdomo. Bakteria wa kinywani nao huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, kemikali yenye sumu, na mate ndiyo huishusha hadi kwenye umio. Huko huharibu DNA ya seli bapa zilizotanda ndani ya koo la chakula. Mwaka 2009 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliiweka asetaldehaidi itokanayo na unywaji wa pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Wajapani na Wachina wengi wamerithi kimeng'enya dhaifu cha ALDH2, ambacho kazi yake ni kuivunja asetaldehaidi. Glasi moja tu, uso umeiva. Wekundu ule ni asetaldehaidi iliyokosa pa kwenda, na wakiendelea kunywa, hatari ya saratani ya umio hupanda sana.

Sisi wa Bonde la Ufa, Kenya, hatuna udhaifu huo, lakini saratani hii inatumaliza, hata wasioonja pombe. Watafiti waliopima mursik, maziwa yetu yanayochachushwa kwenye kibuyu, waliikuta kemikali hiyohiyo. Nimekulia kwenye kibuyu hicho, mkaa umesuguliwa ndani, kwa hiyo nilikasirika kwanza. Haijathibitishwa kwamba mursik ndiyo mkosaji. Kuna pia meno yasiyotunzwa, na vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi, ambavyo IARC ilivitilia shaka mwaka 2016. Mama yangu chai huinywa ingali inafuka moshi. Ukimwambia aiache ipoe, anakuuliza kama umekuja kunywa maji.