Alama za Kioo cha Kompyuta Si Jambo Dogo

Wapo watakaotuuliza askari ana haja gani na zile picha ndogo, yaani aikoni, zinazokaa juu ya kioo cha kompyuta pindi mashine inapowashwa. Jibu letu ni kwamba anayezipanga picha hizo ndiye anayeamua kitakachoonekana na kitakachofichika.

Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, ambayo kioo chake kilifananishwa na meza ya ofisi, yenye majalada na vikapu vya barua. Tangu hapo meza hiyo imegombaniwa. Mwaka 1998 Serikali ya Marekani iliishitaki kampuni ya Microsoft, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba watengenezaji wa kompyuta walikatazwa kuiondoa alama ya Internet Explorer. Julai 2001 kampuni hiyo ilikubali waiondoe, na toleo la Windows XP la mwaka huo huo likatoka na kioo karibu kitupu, limebaki pipa la taka peke yake. Basi ulimwengu ukatoka kwenye gulio ukaingia kwenye uwanja mtupu.

Sasa tuitazame Malawi. Kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilometa 40 kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, nao leo wamezidi 50,000. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zao. Wapiganaji wetu waliokwenda Kongo Mashariki mwaka 2013, bega kwa bega na wenzao wa Malawi na Afrika Kusini, wanajua watu hao wamekimbia nini. Tangu mwaka 2010 baadhi yao wamesoma masomo ya chuo kikuu kwa njia ya kompyuta humo humo kambini.

Mahali pa namna hiyo mashine moja huwahudumia wengi. Mtu anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza, akikuta alama thelathini za lugha asiyoijua, hurudi nyuma. Akikuta kioo kitupu, hauoni mlango. Lakini liko jambo zito zaidi. Karani wa Lilongwe au wa Dzaleka akiliacha jalada lenye jina la mkimbizi juu ya kioo, kila apitaye hulisoma. Mtu aliyekimbia kuuawa huweza kugunduliwa kwa jina moja tu. Ndivyo ilivyo pia kwa jina la mlalamikaji katika kituo chochote cha polisi.

Kwa hiyo twapendekeza alama tano tu katika mashine ya wengi: folda ya kazi, programu ya kuandikia, kivinjari cha intaneti, msaada, na pipa la taka. Jalada la mtu lisikae hapo kabisa, wala asidhani mtu kwamba kulitupa pipani ni kulifuta, maana humo hubaki mpaka pipa limwagwe. Majina yote yawe ya Kiswahili. Uhaba wa maneno si kisingizio, kwani mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Wengine watasema kila mtu na apange apendavyo. Kwa mashine yake mwenyewe, naam. Mashine ya wengi ni kama ghala la silaha: kila kitu kina mahali pake, ili aingiaye zamu usiku akipate bila kupapasa. Yatupasa basi kila mkuu wa ofisi avitazame vioo vya ofisi yake leo, aondoe yasiyo na kazi, na ayalinde majina ya watu waliotuamini.