Mambo ya Nyumbani: Kila Samaki na Jiko Lake

Wasomaji kadhaa wa bara, waliohamishiwa pwani kwa kazi, wametuuliza swali moja. Wanataka kujua kwa nini samaki wampikaye nyumbani hana ladha ya yule wanayekaribishwa kwa jirani, hali wote wawili wametoka soko moja. Swali hilo ni jema. Tulipowauliza nao wanapikaje, karibu wote walijibu kwamba kila samaki humtosa katika mafuta yanayochemka mpaka akauke.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye hasara, na hasara hiyo ni ya ladha na ya fedha pia. Mtu ajuaye kukaanga tu hununua nguru siku zote, kwa sababu nguru hukubali mafuta na miiba yake ni michache. Lakini nguru ni samaki wa bei. Mwezi haujafika nusu, mshahara umekwisha, na watoto wanakula sima kwa mboga tupu, hali sokoni wamelala samaki wengine wazuri wa bei nafuu, ambao hakuna aliyewafundisha wazazi wao kuwapika.

Watu wa visiwa vya Lamu, yaani Amu yenyewe, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, hawakuweza kuishi kwa samaki mmoja. Bahari yao haiwaruhusu. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hata Machi, maji hutulia, na wavuvi huenda nje ya miamba wakarudi na nguru, jodari na kolekole. Kusi ikianza kuvuma mwezi wa Aprili, bahari ya nje huchafuka, na vyombo vingi hubaki ndani ya mikono ya bahari na karibu na mikoko. Hapo kapu la mvuvi huwa na tafi, changu na mkizi. Kwa hiyo mpishi wa Amu hufuata pepo kama nahodha afuatavyo. Kabla ya kuwasha moto hujiuliza maswali matatu: samaki huyu ana mafuta au ni mkavu? Nyama yake ni ngumu au ni laini? Miiba yake ni mikubwa au ni midogo na mingi? Akiisha kupata majibu, jiko lajichagua lenyewe.

Tuanze na changu. Nyama yake ni nyeupe, imeshikamana, wala haivunjiki upesi motoni. Huyu ndiye samaki wa kupaka. Mpae magamba, mtumbue, mpasue kutoka mgongoni mpaka afunguke kama kitabu. Mpake chumvi, maji ya ndimu, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, umwache nusu saa. Kisha mbanike juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto. Wakati huo kuna nazi mbili, ulime tui zito, ulitie sufuriani pamoja na bizari ya manjano, pilipili na ukwaju uliokamuliwa. Koroga bila kupumzika, maana tui lililoachwa hukatika, mafuta yakaenda upande wake na maji upande wake. Likiwa zito, mpake samaki pande zote, umrudishe juu ya makaa kidogo mpaka tui limshike. Changu wa kadiri ya kilo moja, akipikwa hivi, hutosha jamaa ya watu wanne kwa wali au kwa mkate wa mofa.

Tafi hula majani ya baharini, na kwa ajili hiyo matumbo yake hunuka upesi. Wengi humkataa kwa harufu hiyo, kumbe dawa yake ni kumtumbua mara tu afikapo nyumbani, na kumsafisha vizuri ndani. Angalia miiba ya mgongo wake, maana ina sumu ichomayo sana. Ikikuchoma, kutia mkono katika maji ya moto yanayovumilika hupunguza uchungu. Tafi ana mafuta yake mwenyewe, basi kumtosa katika mafuta mengine ni kumwongezea asichohitaji. Mchome mzima juu ya makaa, kwa chumvi na ndimu, umle na kachumbari.

Mkizi naye ni mnono. Wazee wamesema, hasira ya mkizi tijara ya mvuvi, kwa sababu huruka kwa ghadhabu akaangukia chomboni. Mtu aliyempata kwa bei nafuu asimharibu kwa vikolezo vingi. Yafaa kumchoma, au kumpika mchuzi mwepesi wa nyanya, kitunguu na ukwaju, maana ukali wa ukwaju hukata unono wake. Watu wa Amu huuita mchuzi huo mtuzi.

Jodari ni kinyume cha hao. Nyama yake ni nyekundu na nzito, na ikikaangwa moja kwa moja huwa kavu kama gome la mti. Mkate vipande, umchemshe kwanza kidogo katika maji ya chumvi na ukwaju, ndipo umtie katika tui jepesi, na mwisho tui zito. Wengine humchambua akiisha kuchemka, wakamkaanga pamoja na vitunguu, pilipili na bizari, na chakula hicho chafaa sana kwa mtu aendaye kazini na kikapu chake.

Papa na taa wana harufu kali, ambayo huzidi kadiri wakaavyo. Wamwagie maji ya moto, uparue ngozi, uwachemshe kwa ndimu au ukwaju, umwage maji hayo, ndipo uanze mapishi. Twaongeza ya kwamba papa wamepungua sana katika bahari za dunia, wala si busara kuwatafuta wachanga kwa ajili ya mchuzi.

Chewa, ambaye Amu humwita tewa, ana kichwa kikubwa chenye nyama nyingi mashavuni. Watu wengine humwambia muuza samaki akitupe. Msifanye hivyo. Kichwa hicho, kikichemshwa kwa kitunguu, tangawizi, pilipili manga na ndimu, hutoa supu ya kumtosha mgonjwa na mzima, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya minofu. Pweza naye, aokotwaye miambani maji yakitoka wakati wa bamvua, hupigwapigwa kwanza ili alainike, kisha huchemshwa kwa moto wa pole katika maji yake mwenyewe, na tui hufuata baadaye.

Wala tusiwadharau simu, yaani dagaa wa baharini. Hao huliwa pamoja na miiba yao, na miiba hiyo huwapa watoto madini ya kujenga mifupa na meno. Wakaangwe wakavu bila maji, kwa chumvi na ndimu. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wajua jambo hili tangu zamani kwa omena wao. Na hao ndio samaki wanaofaa kukaangwa, pamoja na nguru aliyekatwa vipande. Kwa hiyo kaango halikukatazwa, lina siku zake.

Sasa tuseme juu ya hatari. Samaki mmoja akioza huoza wote, ndivyo tulivyoambiwa, na jikoni maneno haya ni sheria. Kabla ya kununua, tazama macho: yawe yang'aa, yasiwe yamezama. Funua mashavu: ndani yawe mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole: irudi mahali pake. Wapishi wengine hudhani kwamba pilipili na moto mkali huponya samaki aliyelala juani. Kwa nguru, jodari na jamii yao jambo hili ni la hatari kubwa. Wakikaa penye joto, nyama yao hufanya sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Mlaji huona uso wawaka moto, mwili wawasha, kichwa chagonga na tumbo laendesha. Samaki hao watiwe katika barafu tangu chomboni, au wapikwe mara moja. Wakiisha kukaa juani, hasara ya fedha ni afadhali kuliko hasara ya mtu.

Yuko na bunju, yule ajivimbishaye kama mpira. Huyo hana jiko hata moja. Sumu yake, ambayo hasa imo katika ini, mayai na ngozi, haivunjwi na moto, wala haina dawa ya kuiondoa mwilini. Wafundisheni watoto wanaocheza pwani wamtambue na kumwacha.

Kwa siku za kusi, vyombo visipotoka, wazee waliweka akiba ya ng'onda. Samaki hupasuliwa, husafishwa, hutiwa chumvi nyingi mpaka ndani ya nyama, kisha huanikwa juani na penye upepo mpaka akauke kabisa. Chumvi na ukavu ndivyo vimzuiavyo asioze, kwa hiyo asiwekwe mahali penye unyevu. Ukitaka kumpika, mloweke usiku kucha, umwage maji ya chumvi, umpike kwa tui na embe bichi. Kipande kidogo chatosha kuikoleza sima ya jamaa nzima. Karani aliye mbali na bahari, na mkulima asiye na barafu, wote waweza kuwa na ng'onda nyumbani mwao.

Neno la mwisho ni juu ya samaki wachanga. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na samaki wengi hukulia katika mizizi yake. Anunuaye tafi wa urefu wa kidole leo amekula mchuzi wa mwaka kesho. Mnunuzi akiwakataa wachanga, mvuvi naye hatawaleta.

Basi mwendapo sokoni juma hili, msiulize nguru yuko wapi. Ulizeni ni samaki gani ametoka baharini asubuhi hii, kisha mrudi nyumbani na maswali yale matatu. Nanyi mabwana msione haya kuuliza wala kushika upawa: wavuvi ni wanaume, na chomboni hujipikia wenyewe, wakala vizuri.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya nazi: namna ya kuichagua, kuikuna, na kulitunza tui lisichache.