Usiuze Datsun ya mzee kwa kilo

Ngoja nikuulize. Pale kwenu, ama kwa shangazi yako, si kuna gari kuukuu limefunikwa turubai nyuma ya nyumba? Kuku wanataga ndani, na kila Krismasi lazima mtu aseme liondolewe pajengwe chumba cha kukodisha. Kabla hujamwita jamaa wa vyuma chakavu na mizani yake, nipe dakika tano.

Letu ni Datsun 240Z ya mjomba. Iko uani Buruburu, na huu mwaka wa pili naifufua papo hapo, katikati ya Probox ya mama na Vitz za majirani. Niliacha chuo karo ilipokwama, kwa hivyo sina cheti cha kukutisha nacho. Nina spana, jeki, stendi nne na mikebe ya Kimbo iliyojaa nati.

Wengi huniambia hiyo ni starehe ya matajiri. Wameona yale magari yanayong'aa kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, wakaamua kwamba gari la kale ni la mtu mwenye gereji ya marumaru. Nakataa. Tajiri humlipa fundi. Wewe mwenye muda kuliko pesa ndiye unayefaa kulala chini ya hilo gari.

Kwanza ujue unauza nini kwa kilo. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka wa 1971, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani, ikarudia 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Hiyo ya 1973 ilikuwa moto: Mehta na Harry Källström, naye pia akiendesha Datsun, walimaliza wakiwa sawa kwa pointi za adhabu, ikabidi sare ivunjwe kwa kanuni. Matope na vumbi la kwetu vilichangia pakubwa kulipa gari hilo jina lake duniani. Halafu kumbuka, gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa Kenya. Maana yake ni kwamba hatutaagiza zingine kirahisi hivi. Kila moja inayokatwa vipande pale kwa wanunuzi wa chuma, imeenda. Jamaa mmoja alikuja na ofa ya Sh35,000 kwa gari zima, na akataka tumsaidie kusukuma!

Sasa twende kwa pesa, maana najua hapo ndipo umekunja uso.

Mama anauza mboga. Probox lazima iwe Marikiti kabla ya jua kuchomoza, la sivyo siku hiyo hakuna biashara. Hilo gari likilia upande wa gurudumu la mbele, Datsun inafunikwa na ninashughulikia la kula kwanza. Hakuna mjadala. Huwezi kuwaambia watu wa nyumbani walale njaa kwa sababu unapiga msasa mlango wa gari la mwaka wa 1972. Ukiona mtu amefungua magari mawili kwa wakati mmoja kwenye ua mmoja, jua hakuna litakalotoka.

Lakini watu hudhani hizo kazi ndogo zinamchelewesha mtu. Mimi naona ndizo zinazoifufua Datsun. Brekipedi za Vitz ya jirani zililipia bati. Klachi ya mwalimu mmoja wa hapa mtaani ilininunulia stendi. Mkono nao unazoea: ukishatoa bushi za Probox mara sita, za 240Z hazikutishi hata kidogo. Magari haya yanafanana kuliko unavyodhani. Injini ya Probox na ile L24 ya Datsun, yenye silinda sita kwenye mstari mmoja, zote hutumia cheni ya taimingi, si mkanda.

Tofauti kubwa ni namna yanavyoongea. Probox ikiugua unachomeka mashine chini ya dashibodi, nambari ya hitilafu inatokea. Datsun haina pa kuchomeka. Unatoa plagi na kuisoma. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli inazidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa inazidi. Ikiwa na rangi ya chai ya rangi, tulia, uko sawa. Kisha unasikiliza kabureta mbili zinavyovuta hewa, moja baada ya nyingine, mpaka zivute sawasawa. Msee akishajua hivyo, haitakuwa rahisi mtu kumdanganya ati sensa zote za Vitz yake zimekufa siku moja.

Ujuzi huo unao wazee. Aliyenionyesha kabureta ni mzee wa Kariobangi Light Industries ambaye hana simu ya maana wala hamu ya kuwa nayo. Vijana anaofanya nao kazi hawamuulizi kitu, kwa sababu magari yanayoletwa hapo siku hizi hayana kabureta. Akifunga duka, nani mwingine atakufundisha? Video zipo, sawa, lakini video haisikii injini yako.

Ukiamua kuanza, usianzie kwenye rangi. Nakuomba. Anza na kutu. 240Z haina chesisi ya kando; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Sakafu ikioza, gari limeoza mgongo. Pita na bisibisi ukigonga sakafu, chini ya betri na nyuma ya milango. Kukiwa na sauti ya kufifia ama bisibisi ikazama, hapo pakatwe na kuchomelewa bati jipya. Kuna mafundi watakaojaza puti, wapake rangi, likae maridadi kwa msimu mmoja wa mvua. Wakatae. Mimi hukata kiolezo cha katoni, nakipeleka Kariobangi, naletewa bati lililokunjwa sawasawa.

Baada ya kutu ni breki, kisha injini. Gari lisilosimama halina haja ya kuwaka. Na injini iliyolala miaka usiipige stata tu hivi: mimina mafuta kidogo kwenye matundu ya plagi, yaache yapenye, kisha uizungushe kwa spana mkononi. Petroli ya zamani iondoe yote. Na tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake ama mawe.

Kuna wanaotaka kung'oa injini ya zamani na kuweka ya Toyota ya kisasa. Kama ya kwako imepasuka, naelewa. Kama bado inazunguka, huo ni uvivu uliovaa nguo za ujanja.

Mama ana hoja yake, na sitaidharau. Chumba cha mabati pale penye Datsun kingeleta kodi kila mwezi, na gari bado halijaleta hata shilingi. Tumekubaliana: nikikaa miezi sita bila kuligusa, linaenda. Nadhani kila nyumba yenye gari kama hilo inahitaji makubaliano ya aina hiyo. Turubai pekee haifufui kitu. Lakini likienda, liende kwa mtu atakayeliunda, hata kwa bei ya chini, lisiende kwenye mizani.

Jumamosi hii ratiba ni Vitz ya jirani, bushi za mbele na brekipedi. Ikitoka kabla ya saa tisa, nitashuka Kirinyaga Road kutafuta raba za silinda kuu ya breki za Datsun. Kama mzee wako aliacha zake kwenye droo, ebu usizitupe.