Filimu ya Mtakatifu isikatwe!

Mwaka huu, siku chache kabla ya tarehe 30 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Jeanne d'Arc, katekista wa parokia moja alipata diski ya filimu ya zamani iitwayo La Passion de Jeanne d'Arc, yaani Mateso ya Jeanne d'Arc. Ni kazi ya Carl Theodor Dreyer, mtu wa Denmark, aliyeitengeneza kule Ufaransa na kuionyesha mara ya kwanza mwaka 1928. Parokia hiyo sitaitaja jina, wala wazee wake, kwani sigombani na watu, nagombana na wazo lao. Katekista alitaka kuionyesha ukumbini kwa vijana, halafu kuwaazimisha jamaa wenye televizyo nyumbani. Wazee wa kamati wakaitazama kwanza peke yao. Walipomaliza walisema: «Vema, ionyeshwe. Lakini kila mahali ambapo Askofu na mapadri wanamhukumu yule msichana, ruka.»

Ikafanyika hivyo. Mtu mmoja aliketi karibu na mashine, kidole juu ya kitufe, na kila mara joho la padri lilipotokea, akaruka. Sasa katika filimu hii majoho ya mapadri yapo karibu kila mahali! Watu wakaona msichana akilia. Wakaona msichana akinyolewa nywele. Kisha wakaona moto. Taa zilipowashwa, binti mmoja wa darasa la kipaimara akauliza kwa sauti: «Yule alifanya kosa gani?» Hakuna aliyemjibu. Jibu lilikuwa katika zile sehemu zilizorukwa.

Mimi nasema wazi kwamba tendo lile halikuwa la busara wala la heshima kwa Eklezya. Lilikuwa woga. Tena ni woga wa zamani, maana filimu hii imekwisha kukatwa, imekwisha kuungua, imekwisha kupotea, na baada ya miaka zaidi ya hamsini imepatikana tena nzima. Ni aibu kwamba sisi tuliopewa ile nzima tuwe wa kwanza kuikata upya.

Sikilizeni habari zake. Ilionyeshwa kwanza katika mji wa Copenhagen mwezi wa Aprili 1928. Kabla haijaonyeshwa Paris, Askofu Mkuu wa huko pamoja na wakaguzi wa serikali walidai sehemu kadhaa ziondolewe, nazo zikaondolewa bila Dreyer kukubali. Wafaransa wengine walinung'unika pia kwamba mtu wa Denmark, tena asiye Mkatolika, hawezi kusimulia habari za msichana wao. Waingereza nao wakaikataza kwao, kwa sababu askari Waingereza wanaonekana wakimdhihaki mfungwa. Kila mmoja alikuwa na kipande chake alichotaka kisionekane.

Halafu yakaja mabaya zaidi. Filimu za siku zile zilitengenezwa kwa kitu kinachoshika moto upesi kama petroli. Mwezi wa Desemba 1928, huko Berlin, filimu yenyewe ya asili, ile ambayo nakala zote hutolewa kwake, iliteketea. Dreyer hakukata tamaa. Alichukua picha zilizobaki, zile alizokuwa ameziweka kando, akatunga filimu ya pili kutoka katika mabaki hayo. Mwaka 1929 hiyo ya pili nayo ikashikwa na moto katika karakana moja ya Ufaransa. Nakala ya hiyo ya pili ilipatikana baadaye, na mwaka 1952 mtu aitwaye Lo Duca aliitoa kwa namna yake mwenyewe, amebandika muziki wa kale na kubadili maandishi. Dreyer hakupendezwa nayo hata kidogo. Alikufa mwaka 1968 akijua kwamba kazi yake ya kwanza, kama alivyoikusudia, haipo tena duniani.

Kumbe ilikuwapo! Mwaka 1981, katika hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo Dikemark, karibu na Oslo, nchi ya Norvège, watu waliokuwa wakiondoa vitu vya zamani kabatini walikuta makopo ya filimu. Ndani yake ilikuwa nakala ya Copenhagen ya mwaka 1928, yenye maandishi ya Kidenmark, haijakatwa. Ilikuwa imelala pale miaka mingi, katika nyumba ya watu ambao ulimwengu hupenda kuwasahau. Sitaki kuhubiri juu ya jambo hilo. Kila mtu alitafakari mwenyewe.

Toka hapo mafundi wameishughulikia kwa subira kubwa. Filimu kama hii ina picha zaidi ya 100,000, moja baada ya moja, na kila moja yaweza kuwa na mkwaruzo, au vumbi, au kutikisika. Mwaka 2015 kampuni ya Gaumont ya Ufaransa ilitoa nakala iliyosafishwa upya kwa mashine za leo. Na leo mtu wa kawaida aweza kupata diski akaiweka katika nyumba yake, akaona kile ambacho hata watu wa Paris wa mwaka 1928 hawakuruhusiwa kukiona. Yaani watu wamefanya kazi miaka na miaka kurudisha vile vipande vilivyokatwa, na sisi tunavitoa kwa kidole kimoja.

Najua watakavyonijibu. Watasema: «Utawatia watu wadogo kwazo. Wakiona Askofu anamtesa mtakatifu, watadharau maaskofu.»

Haya, na tujibu. Ijumaa Kuu tunaposoma Mateso ya Bwana wetu Yezu Kristu, je, twaruka Kayafa? Kayafa alikuwa kuhani mkuu. Je, twaruka Petro aliyemkana Bwana mbele ya mtumishi wa kike? Petro ndiye Papa wetu wa kwanza. Twaruka Yuda, mmoja wa wale Kumi na Wawili? Hatuwaruki, twasoma yote, watoto wakisikiliza, na sijaona bado mtoto aliyeacha dini kwa sababu ya Kayafa. Na hapa kwetu Kongo, tunaposimulia habari za Mwenyeheri Isidori Bakanja, twasema alipigwa viboko hata kufa mwaka 1909 kwa sababu ya skapulari yake. Je, twaficha kwamba aliyeamuru apigwe ni msimamizi wa shamba, Mzungu, mtu wa nchi iliyojiita ya Kikristu? Ukiondoa mwenye kiboko, Bakanja anakuwa mgonjwa tu wa vidonda. Ukiondoa mahakimu, Jeanne anakuwa msichana anayelia bila sababu. Ndivyo ilivyokuwa ukumbini.

Tena Eklezya yenyewe haikuficha. Jeanne alichomwa moto mjini Rouen tarehe 30 Mei 1431, akiwa na umri wa miaka 19 hivi, naye aliyemhukumu ni Pierre Cauchon, Askofu wa Beauvais. Mama yake, Isabelle, hakunyamaza. Mwaka 1455 alifika Paris, katika kanisa la Notre-Dame, kumdai mwanawe haki mbele ya wajumbe wa Papa Kalisti wa Tatu. Mwaka 1456 hukumu ile ikatangazwa kuwa batili. Mwaka 1920 Papa Benedikto wa Kumi na Tano akamtangaza Jeanne kuwa mtakatifu. Ndugu zangu, mtawezaje kueleza kwamba Eklezya ilifuta hukumu mbaya, ikiwa mmekwisha kuficha hukumu yenyewe?

Lakini lililonichoma zaidi ni hili. Wale wazee walidhani wanaondoa mapadri wabaya. Hawakutazama vizuri! Katika filimu hii yumo padri mzee anayesimama mbele ya mahakimu wenzake, anasema msichana huyu ni mtakatifu, anapiga magoti mbele yake, na kwa ajili hiyo anaondolewa. Yumo mmonaki kijana, Massieu, anayejaribu kumwonya Jeanne asianguke katika mitego ya maswali, na mwishoni, moshi unapopanda, ndiye anayeinua msalaba juu ili macho ya Jeanne yauone mpaka dakika ya mwisho. Hao nao walikuwa na majoho. Hao nao walirukwa. Mwenye kitufe hakuweza kupambanua, naye alikuwa na haraka.

Na swali la neema? Mahakimu wanamwuliza Jeanne kama yumo katika neema ya Mungu. Ni mtego: akisema ndiyo, ana kiburi, akisema hapana, amejihukumu mwenyewe. Msichana asiyejua kusoma anajibu kwamba kama hayumo, Mungu amtie, na kama yumo, Mungu amhifadhi. Jibu hilo si la Dreyer. Limeandikwa katika kumbukumbu za hukumu yenyewe, ambazo yeye alizifuata. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, nami sijapata somo bora kuliko hilo juu ya neema. Na pale wanapomwuliza ni nani aliyemfundisha Baba Yetu, anasema ni mama yake, na chozi linashuka. Na pale wanapomwonyesha Ekaristi Takatifu, wakimwambia ataipokea akikubali kutia sahihi, naye anakataa akilia! Sehemu hizo zote zina mapadri. Zote zilirukwa.

Wengine wataniletea barua za Mapapa. Vema, nazifahamu. Papa Pius wa Kumi na Moja aliandika Vigilanti Cura mwaka 1936 ili kuwakinga Wakristu na sinema chafu, na alifanya haki. Lakini Papa Pius wa Kumi na Mbili, mwaka 1955, aliposema na watu wa sinema juu ya filimu bora, hakukataza kuonyesha uovu wa watu. Alitaka uovu usipewe utukufu, na mtazamaji asaidiwe kuuelewa na kuuchukia. Na mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya filimu 45 za kusifiwa. Kati ya zile 15 za dini, hii ya Dreyer imo. Basi kamati ya parokia yakataa kile ambacho Vatikano imekisifu?

Juu ya wale wanaosema kwamba filimu bubu, isiyo na rangi, haifai kwa vijana wa leo, sina maneno mengi. Vijana wale walikaa kimya hata katika vile vipande vilivyobaki. Uso wa Renée Falconetti, aliyecheza kama Jeanne, hauna poda wala rangi, na kamera iko karibu naye kiasi kwamba mtu aona kila mshipa ukitetemeka. Anayeogopa kwamba vijana watachoka, awaulize kwanza.

Ububu huo nao ni baraka kwetu. Filimu za maneno zatujia kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, na bibi kizee nyumbani hasikii kitu. Hii ina maandishi mafupi tu kati ya picha. Mtu mmoja anayejua kusoma Kifaransa asimame kando ya televizyo, ayatamke kwa Kiswahili, na nyumba yote itafuata. Wazee wetu wanakumbuka kwamba ndivyo ilivyokuwa katika misioni zamani za Wabelgiji: shuka jeupe ukutani, moteri ikinguruma, na mtu mmoja akieleza picha kwa lugha ya watu.

Neno moja kwa wanaotaka kununua. Diski za Blu-ray zimefungwa kwa kanda: zile za Amerika ni za kanda A, na Afrika yetu ni kanda B pamoja na Ulaya, kwa hiyo usipeleke franga zako kwa diski ya Amerika ambayo mashine yako itaikataa. Ile iliyotolewa Uingereza mwaka 2012 ni ya kanda yetu, nayo ina filimu kwa mwendo wa namna mbili. Chagueni mwendo wa polepole, wa dakika 97, sura zapata nafasi. Muziki mwaweza kuuzima kabisa. Watoto wadogo sana wasiwekwe mbele ya moto ule wa mwisho. Hilo ni kazi ya baba na mama kuamua, na ndiyo faida ya kutazama nyumbani, kwamba mzazi yupo, aweza kusimamisha picha, akaeleza, akaendelea. Kusimamisha si kuruka.

Katekista bado anayo diski yake. Namwomba Paroko wa pale, kwa heshima zote, aruhusu ionyeshwe tena ukumbini, nzima, naye mwenyewe aketi mstari wa mbele amevaa kanzu yake ili watu wamwone, na baadaye ajibu maswali. Na yule binti wa kipaimara aitwe, maana swali lake halijajibiwa.