Mimi Huchati Ndani ya Emacs, na Sababu Ninazo

Wasee, leo hakuna video. Hili nikilisema mbele ya kamera mtadhani jua la Madogo limenipiga vibaya, kwa hivyo naliandika.

Mimi huchati ndani ya programu ya kuandikia. Si ati nanakili ujumbe kutoka WhatsApp naubandika mahali. La. Skripti yangu iko juu, chati iko chini, dirisha ni moja, na mkono hautoki kwa kibodi. Msimamo wangu ni huu: kijana yeyote anayetafuta riziki kwa kuandika angefaa ajaribu hii kitu walau mwezi mmoja, na sisi tunaoishi huku ng'ambo ya daraja la Garissa tuna sababu nyingi kumshinda mtu wa Kilimani.

Programu yenyewe inaitwa Emacs. Ni mzee wa mtaa. Richard Stallman alianza kuandika GNU Emacs mwaka wa 1984, na hiyo ilikuwa na mtangulizi wake wa 1976, wakati wazazi wetu wengi walikuwa wanachezea matope. Ni ya bure, na si bure ya "siku saba halafu ulipe". Msimbo wake uko wazi, unaweza kuufungua na kuusoma. Kazi yake ni maandishi tu, lakini kwa hiyo miaka yote watu wameibandikia kila kitu: barua pepe, kalenda, hata mchezo wa Tetris. Na chati. Nyongeza ninayotumia mimi inaitwa jabber.el, na inaongea lugha inayoitwa XMPP. Zamani lugha hiyo iliitwa Jabber. Mmarekani mmoja, Jeremie Miller, aliitangaza Januari 1999.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu wengi wenu mkisikia "XMPP" mnafunga ukurasa.

Fikiria laini ya simu. Wewe uko Safaricom, shangazi yako yuko Airtel. Unampigia, anashika. Hakuna aliyekuambia ununue laini ya Airtel kwanza ndio umsalimie shangazi. Tangu 2011 ukichoka na kampuni yako unaweza kuhama na namba yako ile ile. Hata pesa: tangu 2018 unatuma kutoka M-Pesa hadi Airtel Money bila kuzunguka kwa wakala. Tumezoea hivyo mpaka tunaona ni kawaida. Sasa niambie, kwa nini chati ni tofauti? Kwa nini mtu wa WhatsApp hawezi kumwandikia mtu wa Telegram? Sababu si ufundi. Ufundi upo tangu 1999. Kwa XMPP anwani yako inafanana na ya barua pepe, jina lako kisha seva yako, na seva ziko nyingi, kila moja na mwenyewe. Mimi niko kwa seva moja, rafiki yangu wa Hola yuko kwa nyingine, tunaongea. Mimi niko kwa Emacs, yeye yuko kwa simu ya Android na apu inaitwa Conversations. Hajui mimi niko kwa nini, na hana haja ya kujua.

Na msifikiri hii ni ndoto ya watu wachache wenye ndevu. Google Talk ilipoanza 2005 ilitumia XMPP. Chati ya Facebook iliifungulia mlango 2010. Wale kaka zetu waliokuwa na Nimbuzz kwa zile simu za vibonye walikuwa wanaongea na watu wa Google na wa Facebook kutoka apu moja, bila kujua jina la kinachowasaidia. Halafu makampuni yakakua, na yalipokua yakafunga milango. Google wakaleta Hangouts 2013, Facebook nao wakafunga wa kwao miaka hiyo hiyo. Ile inayonichoma zaidi ni WhatsApp: yenyewe ilijengwa juu ya ejabberd, seva ya XMPP ya wazi, wakaibadilisha mpaka isiongee na mtu wa nje. Februari 2014 Facebook wakatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Ni kama mtu akute kisima cha kijiji, ajenge ukuta kukizunguka, kisha auze ukuta.

Ulaya wamestuka. Tangu Machi 2024 sheria yao inailazimisha kampuni ya WhatsApp kufungua mlango kwa apu nyingine zinazoomba. Hiyo ni Ulaya. Sisi huku tunangoja nini, sijui.

Sasa mtaniambia, sawa, lakini kwa nini ndani ya programu ya kuandikia? Si uweke tu Conversations kwa simu utulie?

Sababu ya kwanza ni Kiswahili. Hii sitaki mtu aipite haraka. Simu yangu inachukia Kiswahili. Naandika "hapa" inaleta "happy". Naandika "sana" inaniletea Santa, na Krismasi iko mbali. Emacs ina kitu kidogo, unashika Alt na mkwaju, inamalizia neno uliloanza kwa kutafuta maneno yaliyo kwenye kurasa ulizofungua. Kurasa zako wewe. Nikiwa nimeandika "Munyoyaya" mara moja kwa skripti, kesho yake kwa chati naandika "Mun" naibonyeza, inakuja. Haijui Kiswahili, na wala haijifanyi inajua. Inanisoma mimi. Kwa mtu anayeandika majina ya huku, Mororo, Ziwani, Bangale, hiyo ni nafuu ambayo hakuna simu imewahi kunipa.

Sababu ya pili ni kwamba hakuna kinachonivuta. Kwa simu, nikienda kumjibu mhariri wangu wa video, napita kwa status za watu kumi na saba, mmoja amenunua kiatu, mwingine ameachwa. Nikirudi kwa skripti nimesahau sentensi. Ndani ya Emacs ujumbe ukija naona mstari mdogo chini, basi. Najibu nikimaliza aya. Na akinitumia sentensi nzuri naikata kutoka chati naiweka kwa skripti bila kutoka popote, kwa sababu kwa Emacs chati ni maandishi kama maandishi mengine. Unaitafuta kama unavyotafuta neno kwa insha, unainakili utakavyo.

Bando pia. Ujumbe wa maandishi wa XMPP ni kitu kidogo sana, na hakuna mtu anakutumia video ya dakika nne ya "habari za asubuhi" ikajipakua yenyewe. Laptopu yangu ni ya mtumba, na zamani watu walikuwa wanaicheka Emacs kwamba inakula megabaiti 8 za kumbukumbu. Nane! Leo apu ya chati ikitumia mara 40 ya hiyo hakuna anayecheka. Ila niseme ukweli: zile bando za bei rahisi za WhatsApp peke yake hazibebi XMPP. Hapo makampuni ya simu yamekufunga mguu kabla hujatembea, na nadhani hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko ugumu wa Emacs. Mtu mwenye shilingi ishirini mfukoni hachagui apu, bando linamchagulia.

Tuje kwa lile lililonifanya niache mzaha.

Mnakumbuka Novemba 2023. Maji yalifunika barabara ya Mororo, na sisi tukawa tunaiona Garissa kwa macho lakini hatufiki bila boti. Aprili 2024 yakarudi, na mwisho wa mwezi huo boti ikapinduka pale Kona Punda, watu wakafa. Wakati kama huo, habari ya maji yamefika wapi na boti gani inavuka si umbea. Mtaa wetu ulikuwa na grupu ya hayo mambo. Siku moja apu (jina nalibana) ikaifunga grupu nzima, na namba ya mzee aliyeianzisha ikafungwa pia. Hakuelezwa sababu. Hakuna ofisi ya kwenda kugonga. Akaandika rufaa kwa Kiingereza nilichomsaidia nacho, ikajibiwa na mashine. Namba za wenye boti, orodha ya familia zilizohama, nani alichangia unga, zote zilikuwa humo ndani. Tulianza upya na karatasi na biro.

Mtaniambia hata mwenye seva ya XMPP anaweza kukufungia. Kweli kabisa. Tofauti ni kwamba unahamia seva nyingine siku hiyo hiyo na bado unaongea na watu wale wale, na nakala ya mazungumzo unaweza kuitunza kwa mashine yako kama faili. Tena mtu wa mtaa anaweza kuendesha seva yake. Kuna moja inaitwa Prosody, nyepesi, inakaa kwa laptopu nzee. Ukiiunganisha na ruta ya saiba, walio kwenye Wi-Fi hiyo wanaweza kuandikiana hata kama intaneti ya nje imekatika. Na hukatika. Mei 12, 2024 nyaya za baharini ziliharibika na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Juni 25 mwaka huo huo, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, mtandao ukalegea tena siku moja baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina mpango wa kuuzima.

Tena kuna kufungwa kwa makusudi. Oktoba 31, 2024 Mamlaka hiyo hiyo iliyaandikia makampuni yaizime Telegram mpaka Novemba 22, ati kuzuia wizi wa mtihani wa KCSE. Mimi sina huruma na wauza karatasi za mitihani. Lakini biashara ndogo ngapi zilikuwa zinapokea oda kwa Telegram wiki hizo? Uganda nao waliifunga Facebook Januari 2021, wakati wa uchaguzi. Mlango ukiwa mmoja, kufuli moja linatosha.

Sasa ubaya wake, maana mkiusikia kwingine mtasema nilificha. Emacs ni ngumu wiki mbili za kwanza, vidole vinauma, funguo zake hazifanani na za mtu yeyote. Hakuna kupiga simu wala video. Picha ni shida, na stika sahau. Na la maana zaidi: jabber.el niliyo nayo haina OMEMO, ile njia ya kufunga ujumbe ambayo Conversations imekuwa nayo tangu 2015. Maana yake mwenye seva akitaka anaweza kusoma ninachoandika. Rafiki akinitumia uliofungwa, kwangu inakuja sentensi tu ya kunijulisha kwamba programu yangu haiwezi kuufungua. Kwa hivyo skripti na utani tunaandikia kwenye chumba kisichofungwa, na mambo ya ndani nayasema kwa simu, kwa Conversations, yakiwa yamefungwa. Mtu akikuambia kila kilicho wazi ni salama, huyo anakuuzia kitu.

Na watu wako hawapo huko. Hilo ndilo jibu la kila mtu, na ni jibu zuri. Mamangu yuko WhatsApp na mimi pia niko WhatsApp kwa ajili yake, sitamfundisha Emacs. Sisemi mfute chochote. Ninachokataa ni ile tabia ya kusema "kila mtu yuko huku" kana kwamba ni sheria ya mvua. Watu walikuwa 2go, kila mtu alikuwa 2go. Kazi ninayofanya na watu watatu haihitaji mabilioni ya watu wa WhatsApp wawe karibu.

Kuna wanaonicheka kwamba niliacha chuo mwaka wa pili halafu najifanya mtu wa kompyuta. Sawa. Karo iliisha. Lakini Emacs ukibonyeza Ctrl na h, kisha k, kisha ufunguo wowote, inakuambia ufunguo huo unafanya nini, na inakuonyesha faili ambamo msimbo wenyewe umeandikwa. Nilijifunza hivyo, usiku, stima ikiwepo. Apu za kufungwa haziwezi kunifundisha kitu kwa sababu hazitaki nijue.

Anayetaka kujaribu: kama una Android tu, tangu Februari 2025 toleo la 30 la Emacs linaingia kwa simu bila ujanja, ingawa bila kibodi ya nje utateseka. Kama hutaki mateso anza na Conversations, ipo F-Droid bila malipo, fungua akaunti kwa seva yoyote inayopokea watu. Chumba chetu cha skripti sasa kina wanne: mimi, mhariri wa video aliye Hola, binti mmoja wa Garissa anayenitafsiria Kisomali, na jamaa wa Mombasa anayechora vijipicha. Wa tano anasema hatakuja mpaka tumpatie stika. Tunaendelea kumbembeleza.