Hadithi Iliyotumwa na Duka

Katika nyanda zetu za Iringa na Mbeya baridi ya mwezi wa Juni huwakusanya watoto mekoni. Hapo ndipo bibi zetu walipotusimulia habari za Sungura na Fisi. Fisi aliposhindwa, alishindwa kwa ulafi wake. Hapana mtu aliyengoja mlangoni kutuuzia fisi. Leo watoto wengi huketi mbele ya televisheni. Yatupasa kuuliza: msimulizi huyu mpya ametumwa na nani?

Kwa baadhi ya katuni za Marekani, jibu twalijua. Mwaka wa 1982 kampuni ya Mattel ilianza kuuza mdoli aitwaye He-Man. Katuni yake ikaja mwaka wa 1983. Mnyama wake wa kupanda alitokana na chui-milia aliyekwisha tengenezwa kwa mdoli mwingine. Duka lilitangulia, hadithi ikafuata.

Mwaka wa 1984 ikaanza The Transformers, katuni ya midoli ya kampuni ya Hasbro. Watoto walimpenda mno kiongozi wao, Optimus Prime. Katika sinema ya mwaka wa 1986 aliuawa. Kwa kosa gani? Hakuwa na kosa, ila midoli ya zamani ilitakiwa kuondoka ili mipya inunuliwe. Watoto walilia, wazazi wakanung'unika, hata mwaka wa 1987 akarudishwa hai.

Wengine watasema, "Mbona He-Man aliwapa watoto mausia mwishoni?" Ni kweli. Lakini mausia yaliyobandikwa mkiani si sawa na adili iliyozaliwa na kisa chenyewe. Mtoto atajifunza nini juu ya kifo, ikiwa shujaa amekufa ili kupisha bidhaa?

Hatusemi kwamba katuni zote ni mbaya. Ubongo Kids, iliyoanza Dar es Salaam mwaka wa 2014, imewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Wala hatukatazi mchezo. Mtoto aliyefinyanga ng'ombe wake wa udongo humtungia kisa mwenyewe; mdoli wa namna ile huja na kisa kilichokwisha pangwa na muuzaji.

Basi, mzazi, keti na mwanao, umwulize, "Kwa nini huyu amekufa?" Na jioni moja zima televisheni, umsimulie wewe. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Tusimwachie mwenye duka kazi ya kutulelea.